Faili la Asilimia Tisini na Sita

Saa kumi na mbili jioni Bi Waya alikuwa anampelekea mama yake nguo safi wodini, maana kesho yake mama angeruhusiwa. Simu ikalia. Karani wa masjala.

"Dada, mafaili yamegoma tena. Njoo basi!"

Bi Waya akasonya. Ndiye fundi wa mtandao wa hospitali nzima, na jina hilo walimpa manesi. Kila jioni mafaili ya waliofariki hutumwa kwenye seva ya kumbukumbu. Mengine yanapita, mengine yanakatika njiani. Jana moja, leo matatu! Mwezi mzima amebadilisha swichi, amebadilisha waya, wapi!

Safari hii aliamua kuukodolea macho waya wenyewe. Akashuka masjala, akapiga magoti nyuma ya seva kwenye chumba cha ndani.

Kimya... feni tu zinavuma.

Kisha harufu. Dawa ya kuchua misuli, kali ya kuwasha pua.

Tik.

Kichwa cha waya kikachomoka taratibu. Hakuna aliyekigusa.

"Umeona?" karani akanong'ona mlangoni. Kuingia hathubutu.

"Kimelegea tu," alisema Bi Waya, mbishi tangu kuzaliwa. Akakichomeka, akakizungushia utepe wa gundi mara tano. Faili likaanza kupita. Asilimia kumi. Thelathini.

"Usikaze, dada... Bibi aliyekuwa masjala kabla yangu, Mungu amrehemu, alinukia dawa hiyohiyo. Hakutuma faili la marehemu mpaka apande wodini, amshike mguu mwenyewe, ahakikishe kweli amekufa. Alisema orodha ya marehemu ina haraka."

"Orodha si unaandika wewe?"

"Mimi? Naikuta imeandikwa."

Sitini.

"Na haya yanayogoma?"

"Wenyewe wako hai, dada. Wanapiga soga wodini. Likija kupita tu, jioni hiyohiyo..."

Bi Waya akageukia skrini.

Jina la mama yake. Majina yote matatu.

Themanini. Tisini.

Akaurukia waya. Utepe aliouzungusha kwa mikono yake mwenyewe ukakataa kuachia. Akauuma kwa meno. Akavuta kwa nguvu zote, akahisi vidole vingine, vya baridi, vinavuta pamoja na vyake.

Ukang'oka. Asilimia tisini na sita.

Alipanda ngazi mbiombio. Mama ameketi kitandani, anamgombeza nesi kwa sababu ya mto mgumu. Bi Waya alimkumbatia, akalia hadi akaona aibu.

Mama yuko nyumbani mwezi wa tatu sasa, mzima kabisa. Faili Bi Waya alilifuta, waya akauchukua akaufungia kabatini kwake. Asubuhi akavikuta vyote vimerudi mahali pake. Kila jioni faili linaanzia pale lilipoishia, na ile harufu ya dawa haijasikika tena masjala.

Simu inalia, saa kumi na mbili kamili.

"Mwanangu, mbona jioni huji hata kunijulia hali? Nimekukosea nini?"

"Kazi, mama," anajibu, akiwa amepiga magoti, waya ameukamata kwa mikono miwili, na waya unavuta.