Mpokeaji Mwenye Miezi Minane

Pa.

Kisha kimya. Muhuri ukigonga karatasi juu ya mbao hautoi mlio mwingine, na Mounira aliujua kama anavyojua kikohozi cha mama yake, maana mumewe Djamali alikuwa deklarant, mtu wa kujazia wafanyabiashara makaratasi ya douane, ya forodha, na kazi alikuwa anaileta nyumbani, anagonga mihuri hata watu wakiwa wanakula. Lakini hii ilikuwa saa nane ya usiku, Djamali alikuwa ubavuni kwake anakoroma, na ndani ya nyumba yao ya Alunguli hapakuwa na meza. Meza walikuwa wamewaazima watu wa kilio tangu juzi.

Alinyoosha mkono gizani akamgusa Feza, mtoto wao wa miezi minane. Analala. Ila nyumba ilinuka lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia mizigo, kama mtu ameiyeyusha sasa hivi.

Asubuhi, alipomvua mtoto nguo, akaona. Paja la kushoto, wino wa zambarau, duara, na ndani neno la Kifaransa: ARRIVÉ. Imefika. Chini yake tarehe, 14 Julai 1998.

"Baba Feza, njo mchezo gani huu? Umegonga mutoto muhuri?"

"Miye? Muhuri iko kazini."

"Basi nani?"

Djamali alilowesha kidole, akasugua. Akaleta sabuni, ndimu, mafuta ya taa. Wino haukutoka, ngozi tu ndiyo ilikuwa inawaka.

Sasa ujue Djamali alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mmoja wa wale wanaoamini kwamba Mungu aliumba dunia kwa kopi nne. Mchimbaji akitoka Kampene na mzigo wake, hajui aandike nini wapi, Djamali alikuwa anamcheka mpaka machozi yanamtoka, halafu anamjazia uongo kwa mwandiko mzuri. Na uongo wenyewe ulikuwa mmoja, wote pale depo, ghala la mizigo, waliutumia: mzigo usio na mwenyewe, au wenye mwenyewe asiyetaka kujulikana, unapewa jina la mtoto mchanga. Mtoto hana simu, hana numero ya impôt, ya kodi, hakuna atakayemwita ofisini. Na pale pa kueleza ndani kuna nini, wanaandika effets personnels, vitu vya mwenyewe, kwa sababu vitu vya mwenyewe havilipiwi ushuru. Mji wa Kindu umejaa watoto wanaonyonya ambao kwa makaratasi ni matajiri wakubwa wakubwa. Na baba zao wanajiona wana akili.

Kwenye depo ile, ng'ambo ya mto, karibu na gare, stesheni ya treni, palikuwa na sanduku moja la mbao lililofika kwa treni ya Kalemie, wiki chache kabla ya vita. Aliyekuwa analingojea alikimbia, hakurudi. Vita ikaja. Askari walilala mule ndani, wakabeba sukari, vitenge, mizani, wakang'oa hata bawaba za milango, lakini sanduku lile hawakuligusa. Watu waliobeba bawaba! Na Djamali na mkubwa wake Louis, chefu wa depo, wasomi wawili wenye kalamu mfukoni, hawakujiuliza hata siku moja kwa nini.

Mwaka huu ikasikika kwamba mizigo ya zamani itapigwa mnada. Wakaharakisha. Mpokeaji: Feza Djamali. Ndani: vitu vya mwenyewe. Louis akagonga, wakavunja lakiri, wakafungua. Hakuna kitu. Unga wa msumeno tu, na harufu. Wakachekana, na jioni ya kabla ya muhuri wa kwanza Djamali akalivusha mto kwa mtumbwi, ati litakuwa nyumba ya kuku.

Kuku hawakuingia. Walilala mvuani.

Usiku wa pili, pa. Paja la kulia: VÉRIFIÉ, imekaguliwa. Na mtoto alikuwa uchi kitandani katikati ya wazazi wake, nguo zake zimevuliwa na kupangwa kando moja moja, soksi huku, kofia kule, hata ushanga wa kiunoni umefunguliwa na kunyooshwa, kama vitu vya begi lililopekuliwa.

"Mihuri iko ngapi?" Mounira aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ine," Djamali alisema. "Imefika. Imekaguliwa. Imelipiwa."

"Na ya ine?"

Djamali alitazama ukuta. "Ya ine, muzigo inatoka."

Usiku wa tatu Mounira hakulala, aliketi na mtoto kifuani na tochi mkononi, na kwanza akasikia viatu, viatu vya ngozi vinavyotembea juu ya saruji, ingawa sakafu ya nyumba yao ni udongo, vikaja taratibu kama vya mtu ambaye hakuna anayeweza kumfukuza, vikasimama mbele ya kitanda, na tochi ikazimika peke yake, na gizani akasikia makaratasi yanafunuliwa, na ulimi unalamba kidole, na makaratasi tena, na harufu ya lakiri ikamjaa kooni mpaka akashindwa kusema bismillahi aliyoianza, halafu sauti, sauti ya kuchoka, ile ile ya makarani wa dirishani wanaokuona na kujifanya hawakuoni, ikasoma: "Feza Djamali. Vitu vya mwenyewe. Kilo nane," na kabla hajamgeuza mtoto akasikia pa, na mwili mdogo ukaruka mikononi mwake.

ACQUITTÉ. Imelipiwa. Tumboni.

Kulipa nini, na nani? Alijua alfajiri. Feza alifungua mdomo kulia, uso ukakunjamana, machozi yakatoka, na sauti haikutoka. Hicho ndicho kilicholipwa.

Asubuhi hiyo walikwenda kwa Bibi Ramla, anayesomea watu Kurani pale Alunguli. Akaja nyumbani, akafukiza ubani, akasoma mbele ya sanduku mpaka jua likawa kichwani. Halafu akatema mate chini.

"Majini ya zamani yaliomba jogoo mweupe. Hili linaomba dosye, makaratasi!"

"Bibi, halisikii aya?" Mounira aliuliza.

"Linasikia, tena linainamisha kichwa kwa adabu. Halafu linanionyesha karatasi. Mutu wa kule Kalemie alilifunga ndani ya sanduku kulitoa nyumbani kwake, na lakiri ikalishika, likakaa miaka yote hii katikati ya makaratasi yenu, likajifunza tabia zenu. Pumbavu limefundwa na pumbavu." Akamgeukia Djamali. "Weye uliandika kwamba liko kitu cha mutoto mwenyewe. Kitu na mwenyewe wanatoka pamoja. Leo usiku."

Djamali alianza kulia. Alilia vizuri, kama alivyokuwa anaandika vizuri.

"Acha hiyo," Bibi Ramla alisema. "Lete karatasi ingine, jaza upya. Ya kweli. Mupokeaji mutu mukubwa, na ndani kuna nini, useme."

"Ya kweli?" Djamali aliuliza, kama mtu aliyeambiwa ameze moto. Miaka tisa ya kazi, hakuwahi kujaza hata moja.

Bibi Ramla akaenda zake kuswali. Wakabaki wao wawili na karatasi juu ya kifuniko cha sanduku. Djamali alishika kalamu, akaiweka, akaishika.

"Andika jina yako," Mounira alisema.

"Yangu? Mama Feza, na nani atawalisha?"

"Njo weye ulimuandika mutoto."

"Nilifuata chefu! Louis njo alisema, Louis njo aligonga!"

Mounira alimtazama yule mwanaume, mashati yake ya kupigwa pasi, kalamu zake tatu, akaona kwamba angekaa hivyo mpaka viatu vifike. Akamnyang'anya kalamu. Yeye naye alisoma, ana diplôme d'État yake, ya kumaliza sekondari. Ndani kuna nini: jini moja. Mpokeaji: akaandika jina la Louis, lote, na la baba yake, na avenue yake, barabara anayokaa, kule ng'ambo. Alimfahamu mke wa Louis, Claire. Walipata ujauzito mwaka mmoja, walikuwa wanapeana nguo za watoto. Aliandika hivyo hivyo. Akatia karatasi ndani, akafunga.

Usiku ule viatu vilikuja, vikaishia uani. Karatasi ilifunuliwa. Ikasomwa muda mrefu, muda mrefu sana, kama kitu ambacho msomaji hajawahi kukiona. Kisha pa, nje, na kitu kizito kikaburutwa kwenda upande wa mto.

Asubuhi sanduku halikuwapo. Wino ulikuwa umetoka. Na Feza alilia, akalia kwa sauti mpaka jirani akauliza kuna nini, na Mounira akamwacha alie, akacheka.

Siku mbili zilipita. Ya tatu, Claire alivuka mto peke yake, ana mtoto wake Elie mgongoni, miezi miwili. Hakutaka kuingia ndani. Alimvuta Mounira nyuma ya jiko.

"Mama Feza, ile sanduku yenu ilikuja kwetu. Hatujue nani aliileta. Louis alikuta karatasi na jina yake, akaogopa wakubwa wa Kinshasa. Akaikata ile jina, akaandika ya Elie."

Mounira alitazama kitenge kilichomfunika Elie.

"Na ndani walikuwa wameandika jini! Louis alicheka mpaka akakohoa. Ati mujinga gani anaandika jini kwa declaration? Akafuta, akaweka effets personnels, akagonga muhuri yake." Claire alimshusha mtoto, akafunua paja. "Leo asubuhi nikaona hii. Haitoke. Weye unajua iko nini?"

ARRIVÉ.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni: rudi, jaza upya, andika kweli. Maneno machache tu. Lakini Claire akijua, Louis atajua, na Mounira aliwajua watu wale. Louis atataka jina la kuweka, la mtu yeyote asiye wake, na jina la kwanza analo, la Feza, limo katika kopi zake za depo, tena kwa mwandiko mzuri. Ndani ya nyumba Feza alikuwa analilia ziwa, anataka kunyonya.

"Hapana," alisema. "Sijue."

"Basi usiambie mutu. Nakuomba. Mama mukwe wangu anangojea sababu tu, atasema miye njo ndoki, muchawi, miye njo nakula mutoto. Uape."

Mounira alimfunika Elie paja, taratibu, akamsaidia Claire kumbeba tena mgongoni, akakaza fundo la kitenge.

"Haki ya Mungu, Mama Elie," alisema. "Sitaambia mutu."