Paka Aliyegoma Kuruka

Kila jioni, akishaosha vyombo, Kijiti aliketi kando ya cherehani ya mama yake na kuendelea na kazi yake. Jina hilo alipewa kwa sababu ya wembamba wake, ila mikono yake haikuwa na mzaha. Kwa boksi gumu alitengeneza pipa dogo lililo wazi juu, akalipaka rangi nyeusi, kisha akakata mianya myembamba kulizunguka. Ndani ungewekwa ukanda wa picha za paka, kila picha ikitofautiana kidogo na iliyotangulia. Pipa likizungushwa, mtu akichungulia kwenye mianya angemwona paka akiruka.

"Kabla ya sinema kuwapo, watu walitazama picha zikitembea kwa vyombo kama hivi," mwalimu wao wa sayansi alikuwa amewaeleza darasani.

Kuchora ilikuwa kazi ya binamu wa Kijiti, ambaye darasa zima lilimwita Msanii.

Siku ya maonyesho ya sayansi darasani, Msanii alileta ukanda dakika ya mwisho. Kijiti akalizungusha pipa. Wenzao wakasogea, wakachungulia. Paka aliinua mguu mmoja, kisha akatulia tuli.

"Huyo ni paka au mto wa kochi?" mmoja akauliza. Darasa likaangua kicheko.

"Mimi nimechora vizuri," Msanii akasema harakaharaka. "Ni yeye! Amekata mianya ovyo ovyo."

Kijiti alihisi damu ikimchemka. Vidole vyake bado vilikuwa na plasta kwa sababu ya kujikata akitengeneza mianya hiyo hiyo! "Muongo mkubwa wewe!" alifoka, akaunyakua ukanda auchane vipande vipande.

"Uweke chini," mwalimu akasema. "Ukiuchana, ukweli tutaujuaje?"

Kijiti akaubwaga mezani, akihema. Bila kumtazama mtu, alikata ukanda mwingine wa karatasi, akachora mpira: chini, juu kidogo, juu zaidi, halafu chini tena. Alikandamiza penseli hadi ncha ikavunjika. Akaichonga, akaendelea. Alipouingiza ukanda huo ndani ya pipa na kulizungusha, mpira ulidunda. Kicheko kikakatika, makofi yakalipuka.

"Mianya haina neno," mwalimu akasema. Akaunyoosha ukanda wa paka. Picha za mwanzo zilitofautiana, lakini zilizofuata zote zilikuwa paka yule yule, amenakiliwa.

Msanii akainamisha kichwa. "Nilichoka, nikanakili tu. Nilidhani hakuna atakayegundua. Nisamehe, ndugu yangu."

"Ukaona bora nichekwe mimi!" Kijiti akamsukumia karatasi na penseli. "Sitaki samahani ya mdomo. Kaa uchore!"

Msanii akakaa, akachora upya huku wenzake wakicheza nje. Kijiti alimsimamia, uso kaukunja, akikagua kila mguu. "Mkia huo haujasogea. Futa." Msanii akafuta. Mwishowe pipa likazungushwa, na paka akaruka.

Mwalimu aliyekuwa akiwatazama akawasogelea. "Kuchoka si kosa," alimwambia Msanii. "Ungesema, mwenzako angekusaidia. Wewe ulikwepa kazi, kisha ukamtwisha lawama aliyeifanya yake. Huko ni kumdhulumu." Akamgeukia Kijiti. "Nawe ulikuwa na haki ya kukasirika. Nimefurahi kwamba hasira yako umeitumia kuuonyesha ukweli, hukuitumia kuuchana ukanda."