Mpangaji wa Fuvu

Fuvu lililokaa kavu juu ya meza ya darasa miaka nenda miaka rudi, asubuhi ile lilikutwa limelowa.

Mwalimu wa anatomia, mwanamke aliyewafundisha wauguzi kwa ukali uliochanganyika na mizaha, aliligeuza, akaingiza kidole katika tundu kubwa la chini, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Kidole kilitoka na ute wa kijivu, wa vuguvugu, unaovutika kama makamasi. Wanafunzi wa mbele walirudi nyuma. Akawaambia mwenye kinyaa abadili kazi, akajifuta kwenye koti lake jeupe. Muda si mrefu pua ikamwasha, akaikuna kwa kidole kilekile.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Maziwa, sabuni, hata nywele za binti yake wa pekee, vyote vilimnukia nyama iliyooza ndani ya mfuko uliofungwa. Mumewe, fundi cherehani, alinusa kila kitu, asisikie lolote. Mwalimu akamtuliza, akimweleza kwamba juu ya pua pana mfupa mwembamba wenye vitundu kama chujio, ambamo mishipa ya harufu hupita. Pengine ni mafua tu. Hakumwambia kwamba alipoinama kunawa uso alisikia kitu kikilamba ndani ya paji lake, taratibu, kama paka kwenye bakuli.

Kisha maneno yakaanza kumponyoka. Alitaka kijiko, akaomba mkasi. Mumewe alicheka, kisha akaona mkewe amejishika juu ya sikio la kushoto.

“Kimehamia hapa,” alinong’ona. “Hapa ndipo maneno yanapokaa.”

“Nini kimehamia?”

Tone zito la kijivu lilimtoka sikioni, likadondokea kitambaa alichokuwa akikishona mumewe, na uvundo wake ukamfanya fundi akimbilie nje kutapika.

Hospitali walimpiga picha za kichwa, wasione kitu. Lakini yeye aliijua ramani ya kichwa kama nyumba yake mwenyewe, na kila kilipohama alijua kimeingia chumba gani: kilipofika kisogoni, ambako ubongo hupokea yale ambayo macho huyaona, dunia ilimwingia giza mchana kweupe, na kiliposhuka kwenye ubongo mdogo, unaoshika mizani ya mwili, akawa anapepesuka kama mlevi, akishika kuta, huku ile sauti ya kulamba ikimfuata kila alikogeuka, kwa kuwa alikuwa ameibeba mwenyewe.

“Wifi,” alimwambia dada wa mumewe, akitafuta kila neno kwa shida, “limebaki shina la ubongo. Pumzi inatawaliwa kule. Kikifika, nitakufa.”

Wifi hakungoja. Adhuhuri hiyo alimleta mganga, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, aliyetaka beseni, chumvi na maji yanayochemka. Akamfunika mgonjwa shuka juu ya mvuke, akauliza aliyemo ni nani.

“Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa kavu,” ilijibu sauti nene kupitia kinywa cha mwalimu. “Hii ina chakula.”

“Basi umeshiba. Ulipoingilia ndipo utakapotokea.”

Mwalimu alipiga chafya mpaka damu ikamtoka, na puani likaanza kushuka donge la kijivu, laini, lenye mikunjomikunjo, likijivuta lenyewe kama konokono asiye na gamba, likaanguka ndani ya beseni kwa mlio wa majimaji. Wifi aligeuza uso, mkono mdomoni. Donge lile likatanuka na kusinyaa, kisha likasema, kwa sauti nyororo ya mwalimu, jina la binti yake.

“Abee, mama,” mtoto aliitika kutoka chumba cha pili, akaja mbio. Baba yake alimzuia mlangoni.

Fundi akamuuliza mganga, kwa sauti ya chini, kama kilicholiwa kinaweza kurudishwa. Mganga alitikisa kichwa, akamkabidhi sufuria ya maji yanayochemka. Donge liliita tena, kwa upole zaidi, likambembeleza mtoto aje alale. Fundi akamimina maji yote, hadi likabaki povu chafu.

Mwalimu alikuwa akipumua vizuri. Macho yalikuwa yamerudi. Alimshukuru mumewe, akamshika wifi yake mkono, kisha akamtazama msichana aliyekuwa akilia mlangoni.

“Maskini,” alisema. “Mtoto huyu ni wa nani?”