Verlene na Majibu Mia Sita

Wenzangu, nisikilizeni kidogo. Nyumba ya Verlene Stumbo, kule kwenye milima ya Kentucky, ilikuwa nyumba ya kicheko. Jumamosi asubuhi mumewe Garvin anakaanga nyama, yeye yuko mezani na kitabu, miguu juu ya kiti. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwageuza vitandani. Sasa alikuwa amemaliza chuo, na umebaki mtihani mmoja tu apate leseni ya uuguzi.

Mwalimu wake, Bi Ostrander, alimwambia: "Chagua kitabu kimoja kinachokueleza kwa nini jibu baya ni baya. Ung'ang'ane nacho." Verlene akakinunua. Kizito kama tofali. Swali mistari minne, maelezo ukurasa mzima.

Ndipo simu ikalia. Mwanafunzi mwenzake kamtumia karatasi: maswali mia sita waliyoyakariri waliotangulia kufanya mtihani, kila moja na herufi ya jibu lake. Maelezo hakuna.

"Huo si wizi?" Garvin akauliza.

"Wizi wa nini? Kila mtu anayo. We geuza nyama, inaungua."

Kitabu kikahamia chini ya kitanda. Jamani, tusimcheke. Nani hapendi njia ya mkato akiwa amechoka?

Mtihani wenyewe hufanywa kwenye kompyuta, nayo hujizima ikishampima mtu vya kutosha. Siku hiyo ikamzimia Verlene mapema, kwenye swali la themanini na tano. Huko kuna imani imeenea kama mafua: ikizima mapema, umefaulu. Kumbe humzimia hivyo hivyo aliyefeli vibaya. Verlene akapiga simu nyumbani kusema amefaulu, hata hajatoka kwenye maegesho ya magari. Mama mkwe wake, Bi Oleta, akaoka keki, akaandika juu yake kwa sukari "Nesi Wetu", na Jumapili kanisani akamsimamisha apigiwe makofi.

Jumanne majibu yakatoka. Amefeli.

Hakumwambia mtu, hata Garvin. Kazini walipoitaka leseni wampandishe cheo, alisema posta imechelewa. Kanisani walipomwita nesi, alitabasamu mpaka taya zikamuuma.

Wiki ya tatu Bi Oleta akaingia na mfuko wa dawa.

"Haya nesi wangu, nitazamie. Hii ya kuzuia damu isigande kanipa daktari. Hii ya maumivu ya goti nimejinunulia dukani. Nizinywe pamoja?"

Verlene alilijua swali lile. Lilikuwemo kwenye karatasi, na jibu lake lilikuwa herufi C. Hiyo C ilisema nini? Hakukumbuka hata neno.

"Au mpaka nikulipe kuku ndiyo useme?" Bi Oleta akacheka.

"Usizinywe, Mama. Muulize mfamasia kwanza." Akamsogezea mfuko wake. "Mimi si nesi. Nilifeli."

"Ulifeli lini?"

"Jumanne ile, baada ya keki."

Bi Oleta akahesabu kwa vidole. "Wiki tatu! Nazunguka mji mzima nakutangaza, na wewe unaniangalia tu?"

"Niliona aibu, Mama."

"Kufeli ningekulilia, mwanangu, kisha tungekula. Lakini leo ungesema 'kunywa', ningekunywa."

Akachukua mfuko wake, akatoka barazani kumpigia mfamasia, akaufunga mlango. Verlene alibaki amesimama katikati ya jikoni, akiisikia sauti yake kupitia mbao: "Hapana, bwana. Hapa nyumbani hakuna nesi."

FUNZO

Ndugu zangu, mficha maradhi kilio humfichua. Wewe unayejiandaa kwa mtihani wa kutunza watu, usichague karatasi inayokupa jibu ikakunyima sababu, maana mgonjwa hakuulizi herufi. Na ukifeli, sema siku hiyo hiyo. Mtihani hurudiwa, Verlene aliurudia, akafaulu. Lakini mpaka leo, Bi Oleta akiugua, humpigia simu mfamasia.