Mkate wa Saa Nne

Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi

Mchongo ulipangwa kwenye stoo ya nyuma ya duka la matairi, Logan, kusini mwa Brisbane, Australia. Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa Garth Doolan, fundi makufuli aliyegeuka adui wa makufuli. Dereva alikuwa Tegan, binti wa dada yake. Wa tatu, Kelso Marden, aliwahi kufanya kazi kituo cha droni za kupeleka vifurushi, juu ya paa la maduka, akifunga vifurushi kwenye ndoano. Walimfukuza kwa uvivu, na hawakumsingizia.

"Rudia, Kelso," alisema Garth.

"Mama Bellotto. Mjane wa mchimba opali, na vito vya marehemu bado anavyo ndani. Kila Septemba anakwenda kwa mdogo wake shambani, Stanthorpe. Simu haishiki huko. Duka zima la mikate limemsikia akiaga. Alisema anaondoka Jumapili."

"Kusema siyo kuondoka."

"Nimemtumia mkate kila siku, saa nne kamili. Jumatatu mpaka jana. Droni inakuja, inashusha kwa kamba, inaondoka. Hakuna aliyeokota hata mmoja, mkubwa. Yote minne iko kwenye majani."

Huo ndio ulikuwa ujanja wa Kelso, na alijivunia kupita kiasi. Wezi wa zamani walibisha hodi. Yeye aliagiza mkate wa zabibu kwa jina la kubuni, kisha akasimama kwenye uchochoro wa nyuma na kuchungulia kwenye upenyo wa ua. Mwenye nyumba akiwepo, atatoka kuokota. Kifurushi kikilala, nyumba ni tupu.

"Hakuna kitu kilichosogea?"

"Hakuna."

Alijibu haraka mno. Jumatano aliona kitu. Nyuma ya mlango wa kioo, chini kabisa karibu na sakafu, kitu cheupe kilipanda, kikashuka. Mara moja tu. Akajiambia ni paka. Mama Bellotto hakuwa na paka, na Kelso alijua.

"Na yule mzee jirani?" aliuliza Tegan. "Yule wa bango la 'Msirushe Madude Juu ya Nyumba Yangu'?"

"Neville? Yule ndiye mwenzetu wa nne, ila hajui. Akisikia droni anafunga madirisha yote, anafungulia redio mpaka mwisho. Leo wa tano unakuja saa nne. Droni ikianza kulia huko juu, mjomba wako anavunja mlango. Hata tukiangusha kabati, Neville hasikii."

Tegan alicheka. Garth hakucheka.

"Simu zote mezani," alisema. "Kelso, ile ya kuagizia?"

"Ninayo. Nikishaagiza wa mwisho, naitupa mtoni."

"Uitupe kweli. Simu hiyo ina siku zetu zote tano. Usiniletee mambo yako."

Kelso alikuwa na miezi minane tangu atoke gerezani. Hakimu alimwambia akirudi tena ni miaka, wala asitarajie huruma. Aliagiza mkate. Wakatoka.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili

Tegan alisimamisha gari kwenye uchochoro, injini ikinguruma taratibu. Walikuwa wamepita darajani bila kusimama. Kelso alipapasa mfukoni akaikuta simu bado ipo, akaisukuma chini zaidi.

"Dakika kumi na tano," alisema Tegan. "Zaidi ya hapo mimi siwajui."

"Mimi mjomba wako, wee."

"Hata wewe, mjomba."

Saa nne kamili

Droni ilitokea juu ya mabati ikilia kwa ule mlio mwembamba unaoingia kwenye meno. Upande wa pili wa ua, madirisha ya Neville yalifungwa moja moja, pa, pa, pa. Redio ikapaa.

Wakaruka ua. Mikate minne ilikuwa kwenye majani. Miwili ilishapasuliwa na ndege, wale weusi wenye mabaka meupe, na makombo yalitapakaa hadi hatua sita kutoka mlango wa kioo. Wa tano ulikuwa unashuka. Garth aliingiza mtaimbo kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Kufuli ilivunjika. Wakaingia.

Ndipo Kelso akasikia sauti.

"Hapa! Niko hapa! Niko hapa chini!"

Sauti kavu, ndogo. Haikuwa inawaita wao. Ilikuwa inaita juu.

Droni ilivuta kamba yake, ikaondoka. Sauti ikanyamaza, kama mtu aliyezoea kuachwa.

Saa nne na dakika tatu

Mwenye sauti alikuwa sakafuni jikoni, mbele ya ule mlango wa kioo. Mguu mmoja umepinda vibaya. Gauni la safari, jeupe. Sanduku lilikuwa kando yake, limefunguliwa, na chupa ya maji ya njiani ilikuwa tupu. Mama Bellotto alianguka Jumapili akiwa ameshavaa kofia.

Kelso aliona mkono wake. Mkono ule, na mkono wa gauni jeupe. Ndicho kitu cheupe alichokiona Jumatano.

Garth alimruka yule mama, akaenda chumbani. Droo zikafunguka. Hazikupita dakika mbili, akarudi na kisanduku cha bati kimejaa opali.

"Twende."

"Mkubwa, huyu mtu anakufa."

"Si sisi tuliomwangusha."

"Tumekuwa tukimwangalia tangu Jumatatu! Siku tano!"

"Tutapiga simu tukifika barabara kuu."

"Kwa simu gani? Zote ziko mezani."

Garth alimtazama. Alielewa mapema kuliko Kelso mwenyewe.

"Hukuitupa."

"Sikuitupa."

"Nipe."

Kelso alikuwa amesharudi nyuma hadi kwenye friji. Kule mfukoni hakukuwa na simu tu. Kulikuwa na miaka yake yote ijayo, na aliipenda, hata kama hakuwa na la maana la kuifanyia. Aliogopa mno. Akabonyeza namba ya dharura, sifuri, sifuri, sifuri.

Mtaimbo ulimpata kwenye kiwiko. Mfupa ulilia. Simu ikaanguka, ikateleza chini ya meza, na kutoka huko sauti ya mwanamke ikauliza kwa upole anahitaji nini, polisi, zimamoto au gari la wagonjwa.

"Gari la wagonjwa!" alipiga kelele Kelso, akataja mtaa na namba ya nyumba. "Mama mzee! Yuko hai!"

Garth aliinua mtaimbo tena. Akausikia ukimya wa nje. Redio ya Neville ilikuwa imezimwa.

"Fala wewe," alisema, akakimbia.

Hakukuta gari. Tegan alikuwa amesikia kelele na hakungoja dakika zake kumi na tano. Garth alikamatwa kituo cha basi, kisanduku mapajani, mtaimbo ameuficha kwenye mguu wa suruali.

Saa nne na dakika kumi

Kelso alilowesha taulo, akamgusisha Mama Bellotto mdomoni. Mkono mmoja tu ulikuwa unafanya kazi. Yule mama alifungua macho.

"Wewe ndiye unayeleta mkate?"

Alitaka kusema hapana. "Ndiyo, mama."

"Nilikipungia kile kidude mkono. Kina jicho, sivyo? Nikajua upande wa pili kuna mtu ananiona."

Kelso alilowesha taulo tena. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Kila nikitaka kulala moja kwa moja," alisema mama, "nakisikia. Nasema, leo nimekumbukwa tena. Ngoja nifike kesho."

King'ora kilisikika mtaa wa pili. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ndani, angeweza kutoka kwa nyuma. Lakini mama Bellotto alikuwa amemshika vidole.

"Mama," alisema. "Mikate ile sikuileta ili uile."

"Ilikuwa mbali kidogo tu, mwanangu. Si kosa lako."

Wahudumu waliingia kupitia chumba cha kufulia, nyuma yao polisi wawili, nyuma yao Neville na mpira wa kumwagilia bustani mkononi, uso umempauka.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza mhudumu.

Mama alijibu kabla yake. "Huyu ndiye aliyenileta mpaka leo."

Polisi aliutazama mlango uliovunjwa, kisha mkono wa Kelso. Alisubiri mama apandishwe kwenye machela, vidole vifunguliwe kimoja kimoja, ndipo akamfunga pingu. Nje ndege walikuwa wameshaufikia mkate wa tano.