Diski ya Inchi Saba

Kila asubuhi ya likizo Rahel alifagia karakana ya shangazi yake Esta, pale Ihanja kando ya barabara kuu, kisha akaandaa vifaa. Shangazi Esta alikuwa fundi wa kuchomelea, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Alimpa Rahel, msichana wa miaka kumi na mitatu, sharti moja: aandae grenda, mashine ya kukatia chuma, mwezi mzima bila kosa, ndipo aanze kumfundisha ufundi. Kuandaa ni kukagua waya, kufunga diski nzima na kuhakikisha kinga ya bati imekaa imara. Kuwasha haikuwa kazi yake. Sasa zilibaki siku mbili tu, na Rahel alikuwa ameapa kuzimaliza salama.

Jumamosi hiyo shangazi alikwenda Singida mjini kununua vifaa, akamwachia karakana mwanawe Godfrey, kijana wa miaka ishirini na miwili. Haikupita saa moja, Mzee Alute akafika na mkokoteni wake wa ng'ombe, fremu imevunjika.

"Shikamoo, babu," Rahel akamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Alizeti yangu iko shambani, mifugo ya watu inaila. Mkokoteni nautaka leo hii."

Godfrey akamtuma Rahel aandae grenda, yeye akaenda kupima vyuma. Rahel akafungua boksi la diski ndogo, akalikuta tupu. Zilibaki za inchi saba, za grenda kubwa, na hiyo grenda kubwa ilikuwa mbovu. Akajaribu diski moja kwenye grenda ndogo. Tundu la katikati liliingia barabara, ila kinga ilizuia. Basi akaitoa kinga, kama alivyowaona mafundi wengine wakifanya, akajiona mjanja kuliko sungura.

"Kumbe fundi tunaye!" Godfrey akacheka alipoiona.

Sifa ni tamu, na Rahel alitabasamu mpaka jino la mwisho. Lakini Godfrey alipovaa miwani na kuinama kuchomeka waya, Rahel akaona namba kwenye ile diski: 8,500. Kwenye mashine iliandikwa 11,000. Shangazi alimfundisha kusoma namba hizo kabla ya kufunga diski yoyote. Leo, kwa haraka, hakuzisoma.

"Kaka Godfrey, usiwashe!"

"Nini tena?"

"Diski hii haiwezi kasi ya mashine hii. Itapasuka! Na kinga nimeitoa mimi."

"Mbona mafundi wote wanafanya hivyo? Sogea."

Rahel hakusogea. Aliuchomoa waya ukutani akaushika kwa mikono miwili.

"Binti, unanichelewesha!" Mzee Alute akafoka.

Godfrey akashusha sauti. "Rahel, mama hayupo, hatajua. Ukimwambia kosa lako, utarudi kufagia tu. Siku mbili zimebaki!"

Maneno hayo yalimchoma Rahel, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Akaufikiria uso wa Godfrey, na vipande vya diski vikiruka bila kitu cha kuvizuia.

"Nitafagia," akasema. "Lete msumeno wa chuma. Tutakata kwa mkono."

Godfrey alimtazama, akaitazama tena ile diski isiyo na kinga, akaenda kuleta msumeno. Walikata kwa zamu, jasho likiwatiririka, kila chuma kikidai muda wake. Hata Mzee Alute, alipochoka kununa, alivua koti akaomba zamu.

Shangazi Esta aliporudi jioni alimkuta Godfrey akimalizia kuchomelea fremu, msumeno kando yake, akastaajabu. "Msumeno? Grenda imekuwaje?"

Mzee Alute akakohoa. Godfrey akatazama chini. Rahel akasogea mbele.

"Shangazi, nilifunga diski ya inchi saba kwenye grenda ndogo. Nikatoa kinga. Namba sikuzisoma."

Shangazi akaichukua ile diski, akaisoma namba. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Nawe ulitaka kuiwasha?"

"Nilitaka, mama. Rahel alichomoa waya."

"Mashine hii huzunguka mara elfu kumi na moja kwa dakika. Diski hii mwisho wake elfu nane na mia tano. Ikipasuka, haichagui uso wa fundi wala wa mwenye mkokoteni. Godfrey, wiki hii utafagia wewe. Na wewe Rahel, mwezi wako unaanza upya Jumatatu."

Machozi yalimlenga Rahel, lakini aliinua kichwa. "Sawa, shangazi. Nitaanza upya."

Shangazi Esta akamshika bega.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe hukuficha, ndiyo maana leo mwanangu ana macho yake mawili. Kukosea hakumnyimi mtu ufundi, Rahel. Fundi ni yule anayesema 'nimekosa' kabla diski haijazunguka."