Miguu ya Mama Yapata Nguvu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Anande alifagia uwanja wa nyumba yao, katikati ya migomba na mibuni. Waliishi juu ya kijiji cha Maji ya Chai, ambako ukungu wa Mlima Meru hushuka taratibu kama maziwa yaliyomwagika. Mara nyingi Anande aliutazama mpaka akasahau ufagio mkononi.

"Umesafiri tena?" mama yake, Hanna, alimuuliza akicheka.

Hanna hakuwa mtu wa kukaa. Alilima, alikata majani ya ng'ombe, na alibeba ndizi kichwani akivuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini wakati wa masika aliteleza pale mtoni akavunjika kifundo cha mguu. Alipotolewa plasta maumivu yaliisha, ila kila alipokanyaga jiwe la kwanza mguu ulitetemeka, akarudi. Shamba lao la ng'ambo likajaa magugu.

Siku ya kliniki Anande alimsindikiza. Dada Esther, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimwambia Hanna asimame kwa mguu mmoja. Hanna akayumba, akashika meza.

"Mfupa umeungana vizuri, mama," alisema Esther. "Kilicholegea ni misuli. Hiyo ndiyo inayokushika unapoyumba."

"Lakini mimi nafanya kazi kutwa nzima."

"Ni kweli. Ila mguu mzima ndio unaofanya kazi. Huu mwingine unaubembeleza."

Akamfundisha kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, kusimama kwa ncha za vidole, na kusimama kwa mguu mmoja. "Anande, wewe kaa karibu naye," alisema.

Basi kila alfajiri walifanya mazoezi uwanjani, ukungu ukiwapita kimyakimya. Asubuhi moja kilele cha mlima kilichomoza juu ya mawingu, kikielea kama kisiwa. Anande akakifuata kwa macho. Mama akayumba, akanyoosha mkono, asimpate mtu. Alianguka kwa magoti kwenye nyasi.

Hakuumia, lakini Anande alilia. "Nisamehe, mama. Sikuwa hapa."

"Ulikuwa wapi?"

"Kule juu."

Hanna alijipangusa magoti. "Basi rudi, mwanangu. Tuanze tena."

Tangu siku hiyo Anande hakubandua macho kwa mama yake. Wiki zilipita, na mama akazidi kusimama bila mkono wake kumtafuta Anande.

Jumamosi moja Hanna alichukua jembe akaelekea mtoni. Anande aliingia majini, akatembea kando yake. Katikati ya mto jiwe lilicheza. Goti la Hanna lilikunjika kidogo, mguu ukajikaza, mwili ukatulia. Akavuka.

Ng'ambo alikaa kwanza, akisikiliza maji.

"Nilidhani nangoja woga uishe," alisema. "Kumbe woga ulikuwa unangoja miguu ipate nguvu. Nguvu haiji kwa kuitamani, Anande. Huja kidogo kidogo, kwa kurudia kila siku, hata siku ambayo huoni mabadiliko."

Kisha wakainuka, wakaanza kung'oa magugu.